Mashahidi wa Jasi

Mimi sizipendi Siku za Urithi, na sijali nani anasikia. Kila Septemba, wikendi ya tatu, Ufaransa nzima inafungua milango ambayo hufungwa mwaka mzima, na watu wanamiminika kwenye miji midogo kama huu wetu wa Villebrac kuchungulia vyumba vya wenyewe. Wanapiga picha mpaka vyoo. Wanauliza kama kuna watu bado wanaishi humu, na mwenye nyumba kasimama hapo hapo mbele yao, kandambili miguuni. Nimeongoza wageni tangu nikiwa msichana, sasa magoti yanalalamika kila ngazi, na bado siku hizo mbili huamka nimeshaudhika kabla sijagusa kahawa.

Ila kazi yangu naijua. Hilo hata wasionipenda, na wapo wa kutosha, watakwambia. Siwadanganyi wageni. Mwenzangu Mauricette anawapa mizimu, mtawa asiye na kichwa, kisima kinacholia usiku, na wanaondoka wamefurahi kweli kweli. Mimi nawaambia nyumba hii ilijengwa na mfanyabiashara wa ngozi aliyetajirika kupita kiasi, boriti zikachorwa na mafundi ambao majina yao yamepotea, basi. Asiyeridhika aende kwa Mauricette akapewe mtawa wake.

Nyumba yenyewe ni ya kwetu. Nilizaliwa humo, na kaka yangu Ambroise vilevile, na wazee walipofariki yeye ndiye aliyebaki. Mimi niliolewa nikahamia mtaa wa chini. Ambroise hakuoa. Tulikuwa tunamtania kwamba mke anaye, ana paa na madirisha, na anamlia mshahara wote. Chini ana jiko lake na kitanda chake. Juu kuna ukumbi mmoja mkubwa wenye sakafu ya mbao na dari ambayo watu wanatoka mbali kuja kuitazama: nyuso za watu, sungura waliovaa kofia, mwanamke anamtandika mumewe kwa mwiko. Unapanda huko kwa ngazi ya mbao iliyoegemea ukuta wa meko. Upande wa pili, kwenye kona ya madirisha, ipo ngazi nyingine ya mawe, ya kuzunguka ndani ya mnara hadi nje uwanjani, nyembamba na ya giza, ambayo Ambroise anapitishia kuni tu. Wageni hatuwapitishi huko, wataanguka watushtaki.

Sasa kuna kitu kimoja lazima ukielewe. Nyumba za zamani zinasogea. Baba alitufundisha tukiwa wadogo: ukiona ufa, unapaka utepe wa jasi juu yake, upana wa vidole viwili, na kabla haujakauka unachora tarehe kwa msumari. Mafundi wanauita shahidi. Jasi haivutiki wala haipindiki. Ukuta ukienda hata unene wa ukucha, shahidi anakatika kabla ya kitu kingine chochote, nawe unajua. Kila Jumapili baada ya misa baba alizunguka nyumba kuwaangalia mashahidi wake, na alikuwa akiwasalimia kabisa, habari za asubuhi mzee, umelalaje. Kwenye ukuta wa meko alikuwapo mmoja tu, mkubwa, na sikuwahi kumwona na mkwaruzo.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilipandisha kundi langu ukumbini baada ya chakula cha mchana, watu wamelowa, wananuka makoti ya sufu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni zulia kubwa la ukutani limening'inizwa kando ya meko, kutoka juu karibu na boriti mpaka chini usawa wa vifundo. Lilikuwa na wawindaji na mbwa wembamba. Shahidi wa baba alikuwa nyuma yake.

"Kaka, umeanza mapambo uzeeni?" nikamuuliza.

"Zuri, au siyo? Nimeliazima parokiani. Linatoka vizuri kwenye picha."

"Umeziba ukuta mzima."

"Ukuta nani anautazama, Josiane? Watu wanatazama juu." Akawageukia wageni. "Dada yangu huyu. Mkimpa pepo atazikagua bawaba za mlango kwanza."

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, maana si uongo. Alikuwa amenyoa, amevaa kizibao cha mahameli cha baba, na jasho linamtiririka shingoni ingawa ukumbi ulikuwa baridi. Nikadhani ni furaha ya kuonwa na watu.

Nilikuwa katikati ya maelezo yangu ya sungura aliponikatiza Bwana Wattelier, mwalimu mstaafu kutoka kaskazini, ambaye tangu asubuhi alikuwa ananisahihisha miaka. Nilipomaliza naye nikasikia kishindo kwenye ngazi, vicheko, na binti yangu Coline akatokea na kikundi chake cha ngoma, sketi zimelowa, viatu vya mbao miguuni, na mzee Barnabé nyuma yao amekumbatia kodiani yake ndani ya mfuko wa takataka ili isilowe.

"Mama, uwanjani tunaogelea," Coline akasema. "Mjomba kasema tucheze hapa."

"Na viatu hivyo?"

"Bila viatu si ngoma, ni mazoezi ya viungo."

Nikamtazama Ambroise. "Umekubali kweli?"

"Sakafu hii imebeba ngozi za ng'ombe karne ngapi," akasema, "itashindwa na wasichana?" Lakini hakunitazama aliposema. Alikuwa anaweka sawa pindo la zulia.

Nikainua mabega. Wageni walishaanza kupiga makofi, wamejipanga kuzunguka kuta, wengine wamesogea mpaka kwenye meko kwa kutafuta joto. Mimi nikasimama kando ya zulia nisimzibe mtu. Barnabé akajaribu sauti mbili tatu, akaanza.

Ngoma yetu ni ya visigino. Mikono haina kazi, kiuno hakina kazi, kila kitu ni kisigino kupiga ubao kwa pamoja, na asiyepiga kwa nguvu anachekwa. Coline anapiga kuliko wote. Nilimtazama nikaona fahari, nakiri, mtoto wangu ana miaka thelathini na bado nikimwona anacheza natabasamu kama mjinga. Sakafu ilitetemeka. Hilo lilikuwa la kawaida, sakafu ya mbao lazima itetemeke.

Kisichokuwa cha kawaida kilikuja kwenye wimbo wa pili. Visigino vilitua, sakafu ikatikisika, ikatulia, halafu ikatikisika tena yenyewe, kidogo, bila mtu kuipiga. Nilidhani ni miguu yangu. Nikangoja kisigino kingine, ikafanya vilevile. Nikainamisha macho, nikaona kiatu changu cheusi kimekuwa cheupe juu ya vidole.

Unga mweupe. Dari yetu ni ya mbao tupu, haina chokaa wala jasi, kwa hiyo haukutoka juu. Ulikuwa unadondoka chini ya zulia, kidogo kidogo, kila visigino vilipotua. Nikashika pindo nikalivuta nyuma kiasi cha kuingiza kichwa.

Shahidi wa baba alikuwa amekatika vipande viwili. Kati ya kipande na kipande palipita kidole changu cha shahada, na nilikiingiza, Mungu wangu, kikaenda mpaka kwenye fundo la pili na bado kikahisi upepo wa baridi kutoka upande wa ngazi. Chini yake alikuwapo shahidi mwingine, mwandiko wa Ambroise, Aprili ya mwaka huu, amekatika. Chini ya huyo mwingine, Julai, amekatika. Wa mwisho tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, jasi yake bado ina rangi ya unyevu, na alikuwa anakatika mbele ya macho yangu, kwa sababu kila kisigino kilipotua ufa ulifunguka, na kilipoinuka ukajifunga.

Nikainua macho. Boriti kubwa ya dari inaingia kwenye ukuta huo, na michoro yake huishia pale pale inapogusa jiwe. Sasa kati ya michoro na jiwe palikuwa na ubao mtupu, upana wa kiganja, wa rangi ya mkate, ambao tangu siku fundi alipousukuma ukutani hakuna mtu aliyewahi kuuona. Boriti ilikuwa inatoka. Na boriti za sakafu tuliyosimama juu yake zimeingia kwenye ukuta huo huo.

Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilihisi haja ndogo ikinibana pale pale niliposimama, mtu mzima mimi. Nilitaka kupiga kelele tokeni. Kilichonizuia ni kwamba nilijua watakimbilia wapi. Mtu hukimbilia alikoingilia. Wangeivamia ngazi ya mbao wote pamoja, na ngazi hiyo imeegemea ukuta ambao kidole changu kilikuwa ndani yake.

Nikaliachia zulia. Nikafuta mkono kwenye sketi, nikamwendea Barnabé taratibu kando kando ya ukuta, nikaweka kiganja juu ya kodiani yake. Ikazimika kwa mkoromo.

"Mabibi na mabwana," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mauricette mtupu, tamu kama jamu. "Leo mna bahati. Mvua imetuletea wachezaji ndani, na wachezaji wakicheza ndani ya nyumba hii, mila inatutaka tutokee kwenye Ngazi ya Bibi Harusi."

Hakuna Ngazi ya Bibi Harusi. Haijawahi kuwapo. Ambroise alinitazama kwa mdomo wazi.

"Bibi harusi wa mwenye nyumba," nikaendelea, "alitoka ukumbini kwa ngazi ile ya mawe kule dirishani, ili mama mkwe asimsikie. Alivua viatu. Alipita kandokando, mkono ukutani, hatua ndogo ndogo, hakusema neno. Wageni walimfuata mmoja mmoja. Anayefanya hivyo anapata mwaka wa heri. Anayekimbia au kupita katikati anaachwa na mwenziwe kabla ya Krismasi."

Mwanamke mmoja karibu na meko akasema, "Basi mimi nitakimbia," na mumewe akacheka kwa kelele, na watu wote wakacheka naye, na sakafu ikacheka nao. Nilisikia jasho likinishuka mgongoni.

"Samahani," Bwana Wattelier akasema, ameinua kijitabu. "Hili halimo humu. Na ngazi ya mnara ni ya karne iliyofuata, kwa hiyo huyo bibi harusi..."

"Bwana, una haki ya kubisha. Tutabishana chini, nitakununulia kinywaji. Sasa vua viatu."

"Nina soksi zilizotoboka."

"Na mimi pia. Vua."

Nikapita ukutani mpaka kwenye mlango wa ngazi ya mawe. Komeo lake lilikuwa limeshika kutu, halijaguswa tangu kuni za majira ya baridi. Nililivuta halikuja. Nikalivuta tena kwa mikono miwili, huku natabasamu, huku nawaambia wageni wamwangalie mwanamke mwenye mwiko pale juu, na ngozi ya kiganja ikachanika kabla komeo halijakubali. Hewa ya mawe ikaingia. Nikasema wa kwanza watakuwa wale waliosimama kwenye meko, wafuate ukuta wa madirisha, waliobaki wasimame palepale walipo, wasisogee kabisa, ndiyo mila.

Wachezaji walikuwa katikati ya sakafu. Katikati hasa, juu ya boriti. Moyo wangu wote ulikuwa unamwita Coline, njoo wewe kwanza, hawa wengine nawajua wapi. Lakini angetembea yeye wangetembea wenzake, na viatu vyao, kwa pamoja, na kwenye meko kulikuwa na watu ambao chini ya miguu yao hapakuwa na cha kutegemea. Nikasema, "Wachezaji mtakuwa wa mwisho. Simameni mlivyo." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Coline alinitazama. Mtoto huyo ananijua. Amenisikia miaka yote nikimsema Mauricette na mtawa wake, na hajawahi kunisikia nikimdanganya mgeni. Uso wake ukapoteza rangi polepole. Akainama, akavua kiatu kimoja, akakiweka chini bila mlio, akavua cha pili. Akawagusa wenzake mikononi, mmoja mmoja, nao wakavua.

Wageni walianza kupita. Walikuwa wanafurahi, ndilo jambo lililonitesa. Walikuwa wanapita ukutani kwa soksi zao, viatu mkononi, wanajibana wasicheke, mmoja anajifanya kushika shela. Mwanamke mnene alisimama katikati ya njia kumpiga picha mumewe. "Mama, picha chini," nikamwambia, na nadhani sauti ilinitoka vibaya, maana alishusha simu haraka. Mwingine alikuwa na mtoto mchanga amemfunga kifuani, akaniuliza kwa mnong'ono kama mtoto naye anapata mwaka wa heri. Nikamwambia ndiyo, anapata, tembea mama.

Halafu ubao ukalia. Mlio mfupi, mkavu, chini yetu, upande wa meko.

"Nini hicho?" mtu akauliza.

"Nyumba za zamani zinaongea," nikasema. "Endeleeni. Mkono ukutani."

Nilitazama kwenye meko. Ambroise alikuwa amesimama mbele ya zulia, mgongo umeliegemea, mikono ameitandaza kulia na kushoto, viganja vimelikandamiza. Nilidhani anauegemea ukuta ili usije. Mawazo ya kijinga, mtu mmoja hawezi kuushika ukuta, lakini machozi yalinijia kwa kumwona hivyo, kaka yangu mkubwa, na kizibao cha baba. Kisha wageni wa mwisho wakapita karibu naye, na nikaona akihamisha kiganja kwenda pindoni, pale pindo lilipokuwa limejikunja nilipolivuta, akalibana chini. Hakuwa anaushika ukuta. Alikuwa anawazuia wasione.

Bwana Wattelier alipita, soksi zimetoboka kweli. Barnabé akaingia kwenye ngazi na kodiani yake, ikakwama kwenye jiwe, ikatoa mlio mrefu wa huzuni, na kutoka chini nikasikia watu wanaangua kicheko. Nikabaki na wachezaji. Niliwaita kwa kidole, mmoja baada ya mmoja, waje ukutani kwanza ndipo wafuate madirisha. Walikuja wakitambaza miguu bila kuinua. Coline akabaki peke yake katikati. Aliwangojea wote wamalize. Alipoanza kuja, ubao ukalia tena, akasimama, mguu mmoja mbele.

"Njoo," nikasema.

"Mama, inazama."

"Haizami. Nitazame mimi. Njoo."

Alikuja. Alipofika nilimshika mkono kwa nguvu hata akaguna, nikamsukuma kwenye mlango wa mawe, nikasikia nyayo zake tupu zikishuka. Hapo tu ndipo nilipovuta pumzi.

"Wameona?" Ambroise akanong'ona.

"Hawajaona. Twende."

"Tangulia wewe. Nalishusha zulia kwanza, ni la parokia." Na kweli akageuka, akainua mikono kwenye kulabu, kulabu zilizopigiliwa kwenye ukuta ule, akaanza kulivuta.

Nilipita katikati ya sakafu, pale pale nilipowakataza wengine. Sikufikiri. Nilimzaba kofi ambalo sijui lilitoka wapi, hatujapigana tangu utoto, na alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona siku hiyo. Nikamkamata kizibao nikamvuta. Alinifuata kama ng'ombe anavyofuata kamba.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Wageni walikuwa wamesimama chini ya matao ya uwanja, wanavaa viatu, wanagawana mkate mtamu wa maua ya mchungwa ambao mke wa mwokaji aliutoa, na nilipotokea na Ambroise wakapiga makofi. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alinibusu mashavu yote mawili. Akasema hajawahi kutembezwa hivi mahali popote. Nilikuwa natafuta kichwa cha Coline, nikakiona, nikaanza kuwatazama wengine mmoja mmoja.

"Yuko wapi mwalimu?" nikauliza.

"Kafuata mwavuli," mtu akasema. "Kauacha chini ya ngazi."

Mlango mkubwa wa nyumba ulikuwa wazi. Nilikimbia, na magoti yangu haya. Bwana Wattelier alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, ameinama, mkono umenyooka kuelekea mwavuli wake chini ya ngazi ya mbao. Nikamkamata mkanda wa koti nyuma nikajitupa kinyumenyume na uzito wangu wote.

"Bibi, huu sasa ni utovu wa adabu," akasema, na tukaanguka wote wawili kwenye mawe yaliyolowa.

Haukuwa mlipuko. Ulikuwa mlio mrefu, wa kuporomoka na kuendelea kuporomoka, kama lori linalomwaga kuni na kuni haziishi. Mlango ulitema vumbi. Madirisha ya juu yakatema vumbi. Ngazi ya mbao niliiona kwa macho yangu ikilala chini, halafu sikuona kitu tena. Ulipokwisha, Bwana Wattelier alikuwa amekaa kando yangu, mweupe kuanzia nywele mpaka soksi, anatazama mlango. Chini ya matao hakuna aliyepiga makofi. Kisha mtoto mchanga akaanza kulia, na watu wakaanza kuitana majina.

Zimamoto walipanda kutoka mtaa wa chini. Kapteni wao aliniuliza kama kuna mtu ndani, nikamwambia hakuna. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia tena, akaniuliza ya tatu huku ameshika bega langu, na nikajua kwamba nilikuwa najibu bila sauti.

Ambroise alikuwa amekaa kwenye ukingo wa chemchemi ya uwanjani. Coline alimwendea, miguu mitupu, akachutama mbele yake. Mimi nikasogea nyuma yao, sikuwa na nguvu za kwenda mbali.

"Mjomba, ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka." Alikuwa anafuta vumbi kwenye kizibao, halitoki, linazidi kuenea. "Ningesema, wangenitoa siku hiyo hiyo. Wangenipeleka kule kwenye magorofa, nyuma ya supamaketi. Nimezaliwa humo, Coline. Nilisema nitangoja msimu wa wageni upite, halafu nitasema. Nilikuwa nauwekea ufa shahidi mpya kila mara. Nilikuwa namwangalia."

"Hilo naelewa," Coline akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira. "Sikuulizi hilo. Leo mchana nilikuja kukuomba tucheze juu. Na viatu. Ungeniambia hapana, ningeondoka, tungelowa, basi. Kwa nini hukuniambia hapana?"

Ambroise aliinua macho. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Ningekataa," akasema, "mama yako angeniuliza kwa nini."

Coline akainuka, akaenda kusimama na wenzake chini ya matao, na mmoja wao akamvika koti. Kapteni alirudi anauliza mwenye nyumba ni nani, kwa sababu kuna maswali ya kuulizwa. Ambroise alikuwa ameinamisha kichwa, bado anafuta kizibao. Nikamwonyesha kwa kidole.